Kushoto Tu

Nilipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari:
jina upande huu, kitu upande ule.
Mwaka wa nne, Katuba, wanafunzi hamsini na wanne,
na katoni ya makayabu niliyoianika juani siku tatu
na bado ilinuka bahari
ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Kyungu: mpira wa mifuko, umekazwa kwa kamba ya chandarua.
Mujinga: mdoli, jicho moja.
(Lile jingine, mwalimu, analo dada yangu. Tuligawana.)
Monga: karata, thelathini na tisa.
Chola hakuwa na kitu. Aliomba niliandike jina lake hata hivyo,
nikaliandika, mbele yake nikaacha peupe,
na kila asubuhi alikuja kupachungulia pale peupe
kama mtu anayefunua sufuria.

Numbi alileta gari.
Waya wa shaba, ule unaochunwa ndani ya mota zilizokufa,
magurudumu ya vifuniko vya bia,
na mti mrefu wa usukani ili uliendeshe umesimama.
Darasa lilinyamaza. Hata mimi.
Lakini barua ya muuguzi mkuu ilikuwa mezani:
kisiwe na ncha, kisiwe na kutu, kioshwe.
Nilipitisha kidole kwenye bampa, kikarudi na damu.
Nikasema hapana. Neno jepesi sana
ukiwa umeshika chaki.

Hakulia. Alilibeba akaenda nalo.
Mama yake alinieleza baadaye: umeme ulikatika,
mtoto akabana tochi kwa meno
akizikunja zile ncha moja moja ziangalie ndani,
kama mzazi anayewaonya wanawe
wasije wakaropoka mbele ya wageni.

Ijumaa tukaenda kwa miguu.
Vumbi jekundu la Septemba, moshi wa makaa,
bomba la kiwanda limesimama kule mbali halina kazi.
Katoni aliibeba Chola, kichwani, njia nzima.
Nilipotaka kumpokea alikataa:
"Wenzangu wameshatoa, mwalimu. Niache na mimi."

Wodi ya watoto: vitanda kumi na viwili, watoto kumi na tisa.
Nilikuwa na hotuba fupi. Hakuna aliyeisikiliza.
Kitanda cha dirishani alilala Musonda,
mguu juu, umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga.
Alilipokea gari, hakusema asante.
Alilisukuma juu ya blanketi, mara moja, mara ya pili.
"Iko naenda kushoto tu."
"Uongo," Numbi akasema.
"Angalia."
Likaenda kushoto, likaanguka kitandani.

Nilifungua mdomo kusema jambo kuhusu shukrani.
Muuguzi alinikanyaga mguu, taratibu,
nikaufunga.

Vichwa viwili vikainama.
Kazi ya usiku kucha ikafumuliwa kwa kucha na meno,
ncha zikatoka tena, kali zilezile,
na muuguzi aliyeandika barua akawa anaangalia dirisha.
Walibishana kuhusu ekseli.
Walibishana kuhusu nani anajua ekseli.
Ule mfuko wa mchanga ulining'inia pale
umesahauliwa na mwenyewe.

Saa ya wageni ikaisha, gari likiwa mifupa tu.
"Liache," Musonda akasema. "Kesho uje na koleo."

Usiku nilifungua daftari.
Mbele ya Chola niliandika: shingo.
Mbele ya Numbi palikuwa na "gari", nimelikata,
"gari" tena juu yake. Sikujua niandike nini zaidi,
maana koleo la shule halikuwemo kabatini
na ufunguo wa kabati ninao mimi.

Jumatatu alichelewa. Magoti mekundu kwa vumbi,
kidole gumba kimefungwa bandeji nyeupe ya hospitali.
Nikamuuliza ametoka wapi, kwa sauti ile ya mwalimu.
Akaliweka koleo mezani pangu, polepole.
"Sasa linaenda kulia," akasema.